Jana Mkonge, Leo Mkongo: Hatutaki Umanamba wa Pili

Wananchi wa Buha, na ndugu zetu wote wa Chama popote mlipo,

Wazee wetu walikata mkonge. Vijana wetu wachimba mitaro ya mkongo. Kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti ya herufi moja tu, na sisi twaona kwamba tofauti iliyoko kati ya mambo yenyewe yakaribia kuwa ndogo vivyo hivyo. Ndiyo maana tumeamua kuandika haya bila kuuma maneno. Atakayeudhika na audhike, mradi ajibu hoja.

Twasema hivi: nchi yetu ya milima, kutoka Heru Juu hadi Kibondo, imeletewa mitambo ya mawasiliano lakini haijaletewa elimu ya kutosha ya mitambo hiyo. Tumeuziwa simu, hatukufundishwa simu. Tumejengewa minara, hatukujengewa karakana. Na mtu anayepewa chombo bila kufundishwa undani wake hakupewa chombo. Amepewa deni, nalo atalilipa kila kinapoharibika.

UMANAMBA WA KWANZA

Vijana wa leo wamesikia neno manamba, lakini si wote wajuao lilikotoka. Lilitoka kwenye namba. Mtu wa Buha alipoandikishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge alipewa namba, na tangu siku ile jina lake alilopewa na baba yake halikuwa na kazi tena. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wengi walidhani kwamba reli imekuja kuchukua mazao yetu. Kumbe ilikuja kuchukua watu wetu. Serikali ya Waingereza iliihesabu Buha kuwa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na watu wa Kasulu na Kibondo wakasombwa kwa maelfu kupelekwa Tanga na kwingineko.

Angalieni jinsi hila ile ilivyofanya kazi. Ili Mha akubali kwenda Tanga ilibidi asiwe na namna nyingine ya kupata fedha ya kodi. Kwa hiyo mahali pengine watu walihimizwa kahawa na pamba, na kwetu mambo hayo yakacheleweshwa. Umaskini wetu haukutoka mawinguni. Ulipangwa mezani na watu waliojua hesabu, nao walipata faida yake.

Hatusemi haya ili tulie. Twayasema kwa kuwa mtu asiyejua alivyonyonywa jana hawezi kumtambua mnyonyaji wa leo, hasa akija na tai shingoni na tabasamu usoni.

WAYA ULIOPITA BILA KUTUSALIMU

Tena msidhani kwamba mawasiliano ni jambo jipya katika mkoa huu. Mwingereza Cecil Rhodes, yule aliyetaka Afrika yote iwe shamba la Waingereza kutoka Rasi hadi Kairo, alianzisha njia ya simu ya waya kutoka kusini. Waya ule ulipita Nyasa, ukafuata Ziwa Tanganyika, ukaja kukomea Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20. Ujiji, wananchi! Bandari yetu wenyewe! Habari za London zilikuwa zaweza kufika Ujiji kwa waya kabla mtoto mmoja wa Buha hajafundishwa umeme ni nini.

Je, waya ule ulitufaa nini? Haukutufaa kitu, kwa sababu haukuwekwa kwa ajili yetu. Uliwekwa ili mwenye mali aulizie mali yake. Hilo ndilo somo la kwanza, nasi twataka kila mwanachama alishike: mtambo kupita mlangoni kwako si maendeleo yako. Swali ni nani aujuaye, nani autengenezaye, na nani alipwaye.

Hata baada ya Uhuru somo hilo lilitufuata. Mwalimu Nyerere alipata kukumbusha kwamba mwaka 1961 nchi ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Posta na simu zilikuwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki, na chuo chake kikuu cha mafunzo kilikuwa Mbagathi, Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilibaki na simu zake, lakini chuo kile kilibaki Kenya. Mwenye chuo ndiye mwenye mafundi, na mwenye mafundi ndiye mwenye simu, hata kama waya umepita shambani kwako.

Tena kulikuwa na wakati ambapo watu waliamini kwamba njia ya kujilinda ni kufunga mlango. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Bara, kwa nia ya kulinda fedha za kigeni. Nia ilieleweka. Lakini kuzuia mtambo hakuzai fundi. Televisheni ya Bara ilianza mwaka 1994, ilhali ndugu zetu wa Unguja walikuwa wakitazama ya rangi tangu miaka ya 1970. Kujitegemea si kukaa gizani kwa hiari. Kujitegemea ni kuwasha taa yako mwenyewe na kujua kuitengeneza ikizimika.

MINARA 758 NA SWALI MOJA

Sasa tuje kwenye mambo ya siku hizi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, umefika mkoani Kigoma. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili makampuni yapewe ruzuku yakubali kupeleka simu vijijini ambako yalikuwa yanaona hakuna faida. Mwezi Mei 2023 mfuko huo ulitia sahihi mikataba ya minara 758 nchi nzima, katika kata 713, na ruzuku yake ilikuwa shilingi bilioni 126.

Sisi hatupingi minara. Mama mwenye mtoto mgonjwa apigaye simu kuita gari usiku hawezi kuambiwa kwamba mnara ni ubeberu. Mkulima wa maharage aulizaye bei ya Kigoma mjini kabla hajapakia gunia amepata silaha dhidi ya mlanguzi. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kijana aliyeko Dar es Salaam ampelekea mama yake fedha Heru Juu kabla chai haijapoa, wala hamtumi tena kondakta wa basi. Hayo ni mema nasi twayakubali.

Lakini twauliza swali moja tu. Shilingi bilioni 126 ni fedha ya umma. Katika mikataba hiyo, mliandika vijana wangapi wa kata hizo wafundishwe kuitunza minara hiyo? Mlihesabu minara, mkahesabu kata, mkahesabu na fedha. Je, mlihesabu mafundi?

Maana twayaona kwa macho yetu. Mnara ukijengwa, kijana wa kijijini huitwa kuchimba shimo, kubeba saruji na kuteka maji. Ukisha kusimama, mmoja huajiriwa kulinda usiku. Wengine huuza vocha na kusajili laini chini ya mwavuli. Siku mtambo ukizimika gari hutoka mbali, mgeni hushuka na mkoba wake, hufungua kabati, hugusa vitu viwili vitatu, mtambo huwaka, naye huondoka. Mlinzi humfungulia lango na kumsalimu. Baba wa mlinzi yule alikuwa na namba Tanga. Mwana ana sare na kofia. Kilichobadilika ni nguo.

NDANI YA KABATI MNA NINI?

Wapo watakao tuamini kwamba lililomo ndani ya kabati lile ni uchawi wa Wazungu na Wachina ambao mtoto wa mkulima hauwezi. Basi na tulifungue hapa, kila mtu atazame.

Mna betri, nyingi, zilizopangwa safu, kwa kawaida za jumla ya volti 48. Mna mtambo wa kuugeuza umeme wa gridi au wa jenereta uwe umeme wa kuchaji betri hizo. Mna redio yenyewe, ndiyo moyo wa kazi, ambayo hupeleka na kupokea sauti kwa antena zilizo juu. Mna njia ya kuunganisha mnara huu na mingine, ama kwa mkongo wa kioo chembamba kama unywele upitishao mwanga, ama kwa sahani ya mawimbi itazamayo mnara wa kilima cha pili. Na mna waya mnene wa kupeleka radi ardhini, ambao katika milima yetu yenye ngurumo ndio askari wa kwanza wa mtambo. Ni hayo tu.

Betri ikichoka hupimwa. Waya wa radi ukikatika huungwa. Hesabu ya kwanza ya kazi hii ni ile ya volti, ampea na omu: ukijua mawili utapata la tatu. Volti 12 zikipita kwenye kizuizi cha omu 4, zatoa ampea 3. Hiyo ni kugawanya, nayo yafundishwa shule ya msingi. Mtoto wa Heru Juu ahesabuye chenji ya debe la mahindi bila kalamu hawezi kushindwa na hesabu hiyo. Anachokosa ni mwalimu, meza, kipimo, chuma cha kulehemu na mtambo mbovu wa kujifunzia. Kukosa hivyo si kukosa akili. Ni kukosa zana, na zana hununuliwa.

Tena mambo ya zana hizo yako karibu nasi kuliko mnavyodhani. Lehemu yenyewe hufanyizwa kwa bati, na bati huchimbwa Kyerwa, huko kwa jirani zetu wa Kagera. Ng'ambo ya ziwa letu, Kongo ya Mashariki, huchimbwa koltani, ambayo hutoa tantalamu iliyomo ndani ya simu mfukoni mwako. Mawe hutoka kwetu yakiwa mawe na kurudi yakiwa simu. Katikati ya mawe na simu pana kitu kimoja, nacho ni elimu. Aliye na elimu hiyo ndiye alaye tofauti ya bei.

FUNDI WA KIBANDANI SI MTU WA KUCHEKWA

Nendeni sokoni Kasulu au Kibondo mjini mkamtazame kijana aketiye kibandani na bisibisi ndogo. Hakusoma chuo. Alikaa karibu na mwenziwe akatazama, akaharibu, akajifunza. Leo abadili kioo, abadili tundu la chaji, abadili betri, afufua redio iliyonyeshewa mvua. Ipo familia ilayo kwa bisibisi ile.

Wako waheshimiwa wampitao wakisema, huyu kaishia mtaani. Sisi twasema huyo ndiye askari wetu wa mbele, naye ameachwa bila risasi. Maana simu ikiwa na ubovu wa ndani ya bodi, hapo hukwama. Hakufundishwa kusoma mchoro wa saketi, hana kipimo kizuri, na mchoro wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza ambacho shule haikumpa vya kutosha. Basi simu ya mkulima hutupwa, ikanunuliwa nyingine, na fedha ya maharage ikapanda tena meli kwenda ng'ambo.

Tujikumbushe pia kwamba nchi hii imepata kusoma kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, wakatoka wakachimba vyoo. Redio ilikuwa mwalimu wa taifa. Na redio ya kijiji ilipoharibika ni nani aliyemfufua mwalimu yule? Ni fundi. Katika miaka ya 1960 kiwanda cha Wajapani wa Matsushita kilianza kuunda redio na betri Dar es Salaam, na Watanzania wakazishika kwa mikono yao. Basi asitokee mtu kusema kwamba kazi hii ni ngeni kwetu. Ilianza, ila haikuendelezwa, wala haikufika huku milimani.

NJIA IKO, LAKINI MLANGO UKO MBALI

Vijana wengi hutuuliza: kazi hii husomewa wapi? Na tueleze, kwa kuwa gazeti la Chama lisiloeleza ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Ngazi ni tatu. Ya kwanza ni fundi stadi, afanyaye kazi kwa mikono. Huyu husoma kwenye vyuo vya ufundi stadi, ambavyo tangu sheria ya mwaka 1994 viko chini ya VETA. Ya pili ni fundi sanifu, ajuaye mikono na nadharia. Huyu huingia baada ya kidato cha nne akiwa amefaulu hisabati na fizikia, akasoma mpaka stashahada. Ya tatu ni mhandisi, mwenye shahada, anayesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhandisi mmoja hafanyi kitu bila mafundi sanifu kadhaa, nao hawafanyi kitu bila mafundi stadi wengi. Kwa hiyo kijana asidanganywe kwamba asipokuwa mhandisi amepotea. Nchi yaumia zaidi kwa kukosa hao wa katikati.

Na vyuo viko wapi? Dar es Salaam kilifunguliwa chuo cha ufundi mwaka 1957, ambacho mwaka 1997 kilifanywa kuwa Taasisi ya Teknolojia, DIT. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha uhandisi mwaka 1973. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978. Mbeya ilipata chuo cha ufundi mwaka 1986, nacho mwaka 2012 kikawa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Dodoma ilipata chuo kikuu mwaka 2007. Tazameni ramani, ndugu: mashariki, kaskazini, kusini, katikati. Na magharibi? Zile shule za sekondari za ufundi zilizosifika kwa miaka mingi, Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Bwiru, Iyunga: hata moja haikuwa Kigoma.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ni njia ile ile waliyopita manamba. Tofauti ni kwamba manamba alilipiwa nauli na bwana wa shamba kwa kuwa alihitajiwa. Mwanafunzi wetu ajilipia mwenyewe. Je, yeye hahitajiwi?

WATUPINGAO NA MAJIBU YAO

Wa kwanza husema: Kasulu na Kibondo ni nchi za kilimo, wafundisheni kulima. Huyu twamjibu kwamba maneno hayo tuliyasikia kwa Bwana Shauri, naye aliyasema kwa sababu zake. Sisi ni wakulima na twajivunia jembe. Lakini mashine ya kusaga yatumia umeme, pampu ya maji yatumia umeme, mzani wa kahawa siku hizi una namba za kuwaka, na mashine ya eksirei hospitalini haitengenezwi kwa jembe. Nchi ya kilimo ndiyo ihitajiyo mafundi kwanza.

Wa pili husema: hakuna umeme wa uhakika huko. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani, tulipokuwa tukitegemea majenereta ya dizeli yaliyokohoa kama wazee wa pumu. Lakini mwaka 2022 umeme wa gridi ya taifa ulifika Kibondo na Kasulu kutoka Nyakanazi. Kisingizio hicho kimezikwa na huo waya. Aliyekuwa akingoja umeme ili atufundishe, sasa angoja nini?

Wa tatu husema: mkiwafundisha watahama. Wengine watahama, ndiyo. Lakini wasiofundishwa hawahami? Wanahama kila siku, nao huhama mikono mitupu. Kama ni lazima mtoto wa Buha aondoke, na aondoke akiwa na jina na cheti, si na namba.

Wa nne, naye ndiye hatari kuliko wote, husema: hakuna fedha. Twamkumbusha kwamba katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 hapa hapa wilayani Kasulu, yaliwekwa madarasa ya kompyuta na intaneti kwa msaada wa Mfuko wa Vodafone pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Mtoto wa mkimbizi ni mtoto, na waliofanya vile walifanya vema. Lakini jambo lile limethibitisha kwamba kilichowezekana ndani ya uzio wa kambi chawezekana nje yake. Basi asituambie mtu kwamba haiwezekani. Na aseme tu kwamba hajataka.

NA SISI WENYEWE JE?

Tusiwalaumu wengine tukajisahau. Wapo wazazi wamwambiao mtoto kwamba kazi ni ya ofisini, na kwamba ashikaye bisibisi ameshindwa masomo. Hiyo ni kasumba. Mkoloni alitufundisha kumtukuza karani kwa kuwa alihitaji makarani. Sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali. Tukiendelea kuuita wa amali mkondo wa walioshindwa, tutakuwa tumeiua sera hiyo kwa midomo yetu kabla Serikali haijaweza kuiua kwa uzembe.

Wapo vijana nao wenye simu mbili mfukoni wasiojua hata moja ndani yake mna nini. Wajua kucheza, kubahatisha mpira na kusengenya. Ndugu vijana, mtumiaji mkubwa wa chombo asiyekijua ni mteja mkubwa, basi. Mteja hana sauti.

Na wapo wasemao kwamba ufundi si kazi ya mwanamke. Hawa wanasahau wanakokaa. Heru hii ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, katika siku za ukoloni ambapo Wazungu wengi walidhani mwanamke wa Kiafrika hana neno la kusema. Siku za machifu zimepita. Serikali ya Uhuru iliziondoa mamlaka zao mwaka 1963, na sisi hatuombi zirudi. Lakini kama mkono wa mwanamke uliweza kushika nchi hii, nani atatuambia kwamba hauwezi kushika chuma cha kulehemu? Binti afumaye mkeka kwa ukindu mwembamba bila kukosea safu ana mkono uutakao ufundi huu.

TUNAYOYADAI

Basi malalamiko yasiyo na madai ni kelele. Haya ndiyo madai yetu, nasi twataka kila tawi la Chama liyasome kwenye mkutano wake.

Kwanza, kila mkataba wa mnara au wa mkongo uliolipiwa hata senti moja ya fedha ya umma uandike idadi ya vijana wa wilaya ile watakaofundishwa kazi, kwa ujira, mpaka wapate cheti. Kampuni isiyotaka isipewe ruzuku.

Pili, vyuo vya ufundi na vya maendeleo ya wananchi vya Kasulu na Kibondo vipewe karakana kamili za elektroniki na mawasiliano: meza, vipimo, mitambo ya kujifunzia na walimu. Kufundisha umeme kwa chaki ni sawa na kufundisha kuogelea mlimani.

Tatu, sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya mafundi wa simu na redio navyo vipewe, ili wanunue vipimo na zana bora. Si kila kikundi lazima kifuge kuku.

Nne, kila sekondari ya kata iwe na mwalimu wa fizikia na maabara iliyo wazi. Maabara iliyofungwa kwa kufuli mpaka siku ya ukaguzi ni pambo la mwizi.

Tano, vitabu vya ufundi viandikwe kwa Kiswahili. BAKITA lipo tangu mwaka 1967, na maneno yapo: saketi, betri, antena, masafa, mawimbi. Kijana asizuiwe kuujua umeme kwa sababu hajaujua Kiingereza. Akiisha kuujua umeme, Kiingereza cha kazi atakipata.

Sita, na hili twajidai wenyewe: kila tawi litafute fundi mmoja na vijana watano, liwape chumba jioni mbili kwa juma, wakusanye redio na simu mbovu za wanachama, wazifungue. Hatungoji ruhusa ya mtu kufungua redio yetu wenyewe. TANU ilizaliwa mwaka 1954 na watu wachache wasio na fedha wala magari, haikungoja bajeti.

Ndugu, hatudai huruma, wala hatuombi Buha ipewe zaidi ya wengine. Twadai haki ya mtu kukijua kitu kilichosimikwa juu ya ardhi yake. Reli ilikuja ikachukua mikono yetu. Waya wa Rhodes ulikuja ukatupita. Sasa mkongo umekuja na umeme umekuja, na safari hii hatutakuwa tumesimama kando ya njia tukipunga mkono.

Mwaka ujao, mwenye kuja kusimika mnara katika milima hii na aulizwe na kila mjumbe, kila mzazi, kila kijana: vijana wetu utawafundisha wangapi? Akitoa idadi, mpeni jembe na maji achimbe msingi. Akikosa jibu, mwambieni kwa adabu kwamba namba tulikwisha kuzivaa, na hatuzivai tena.

Uhuru na Kazi!